Bomba: neno lililosafiri na maji hadi bafuni

Jirani yetu alikuwa mwanamke wa Mombasa aliyeolewa Morogoro. Asubuhi moja aliingia bafuni kwetu kunawa miguu, akatoka na kumwambia mama: "Dada, mfereji wenu unavuja." Mama akachukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba. Kwetu mfereji ni ule mtaro wa kupitisha maji ya mvua, na masika ile ulikuwa umeshaziba mara mbili. Akaukuta umekauka. Aliporudi, jirani akamshika mkono, akampeleka hadi bafuni na kumwonyesha: tone, tone, tone, na ndoo iliyokuwa chini imefika nusu.

"Aa, bomba!"

"Ndiyo, mfereji."

Jioni akaja fundi. Akapiga magoti, akaushika mpini, akauzungusha mara mbili, kisha akasema: "Bomba zima, mama. Koki ndiyo imekufa."

Kitu kimoja chenye ukubwa wa kiganja, kimefungwa ukutani bafuni, na watu watatu wanaozungumza Kiswahili fasaha wamekiita majina matatu. Hakuna aliyekosea. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia hili neno bomba, maana ndilo lenye safari ndefu kuliko yote matatu, na kila nilipofika nilikuta limeacha kitu njiani.

Ukifungua kamusi za zamani za Kiswahili, zile za wakati wa wamisionari na wakoloni, maana ya kwanza ya bomba utakayokutana nayo haina uhusiano na kitu cha kufungulia maji ukutani. Bomba ni chombo cha kuvuta maji, yaani kile ambacho leo tunakiita pampu. Neno lenyewe limetoka kwa Wareno, na kwao hadi leo bomba ni pampu.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa kisha Malindi. Wakaanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mwaka 1698 ngome hiyo ikaangukia mikononi mwa Waomani. Katika karne mbili hizo hawakutuachia maneno mengi kama Waarabu walivyotuachia, lakini yale machache yanaonyesha wazi tulikutana nao wapi. Tulikutana nao mezani: meza, mvinyo. Tulikutana nao kwenye mchezo: karata, turufu. Tulikutana nao kwenye nguo na malazi: leso, foronya. Na zaidi ya yote, tulikutana nao chomboni na kwenye sanduku la vifaa: bendera, roda, kasha, parafujo. Bomba ni la kundi hili la mwisho.

Pampu ilikuwa na kazi gani kwenye jahazi la Mreno? Merikebu ya mbao huingiza maji, hata iwe mpya. Maji huchuruzika kwenye maungio ya mbao na kujikusanya chini kabisa, mahali ambapo mabaharia wa pwani wanapaita ngama. Kwenye dau dogo unayachota kwa kata au ndoo na kuyamwaga baharini. Kwenye merikebu kubwa yenye tumbo refu huwezi. Hapo ndipo bomba lilipofanya kazi: mti uliotobolewa katikati, ndani yake kuna kizibo kinachopanda na kushuka kwa mpini, na maji yanapanda hadi sitahani. Watu wanapokezana kulivuta usiku na mchana. Wataalamu wa asili ya maneno wanalipanga neno hili pamoja na pampu ya Waingereza na *pomp* ya Waholanzi katika yale yaliyoigiza mlio wa kitu chenyewe, na aliyewahi kuvuta maji ya kisima kwa pampu ya mkono anaujua mlio huo.

Neno hili halikushuka kwetu tu. Wareno waliichukua Goa mwaka 1510 na Melaka mwaka 1511, na huko nako likashuka na kuanza maisha mapya. Malaysia leo kikosi cha zimamoto kinaitwa Bomba, na neno hilo limeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni mwa magari mekundu, kwa sababu zimamoto wa kale alikuwa mtu wa pampu. Wagujarati nao wana bambo, gari la kuzimia moto. Bandari tatu za Bahari ya Hindi zilipewa neno moja na kila moja ikalifanyia kazi yake. Wamalay waliliweka kwenye moto. Sisi tukalipeleka bafuni.

Na lilifikaje bafuni? Hapa inabidi kurudi nyuma kidogo, kwa sababu bafu la Mswahili lilikuwepo karne nyingi kabla ya kuwa na bomba.

Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina chumba cha kuogea ndani kabisa, na kwenye kona ya chumba hicho kuna birika. Msomaji wa bara atafikiria chombo cha kuchemshia chai. La. Birika la Lamu ni tangi dogo lililojengwa kwa mawe na chokaa, linajazwa maji ya kisima, na mtu anasimama kando yake akichota kwa kata, ile ya kifuu chenye mpini mrefu, na kujimwagia. Ndani ya birika waliweka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, ili maji yasigeuke mazalia. (Birika hili na birika la chai yanaandikwa sawa ila yametoka kwa maneno mawili tofauti ya Kiarabu: lile la maji ya kuoga limetoka *birka*, yaani kidimbwi, na lile la chai limetoka *ibriq*, chombo chenye mdomo wa kumiminia. Pwani wanaishi na yote mawili bila shida.)

Katika bafu hilo hapana kitu cha kufungua wala kufunga. Maji yamesimama, nawe unayafuata. Kilichobadilisha mambo ni maji kuanza kumfuata mtu. Unguja jambo hilo linakumbukwa kwa jina la Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888 na kuleta mjini maji safi kutoka chemchemi za Chemchem. Maji yaliyokuwa yakibebwa kichwani yakaanza kupita kwenye njia iliyojengwa hadi karibu na milango ya watu. Na njia ya maji kwa Kiswahili, hata kabla ya hapo, ilikuwa na jina lake: mfereji.

Sasa rudi kwa jirani yetu wa Mombasa. Mtu wa Unguja na mtu wa Kenya wanaposema maji ya mfereji wana maana ya maji yanayotoka ukutani ukizungusha mpini. Kwao njia nzima ni mfereji, kuanzia kwenye chimbuko hadi pale mwisho maji yanapoangukia ndooni, basi na ule mdomo wa mwisho ni mfereji vilevile. Mombasa sehemu ya maji hayo yanatoka chemchemi za Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, na yanasafiri zaidi ya kilomita 200 kabla hayajamwagika bafuni mwa mtu. Kenya, bomba ni neno la kile kinachopitisha, la chuma au la plastiki, na mfereji ni kile unachofungua. Kitabu cha shule cha Kenya kitamfundisha mtoto hivyo, na mtoto wa Tanzania akikisoma atakiona kimepindua mambo.

Kwa Mtanzania wa bara, mfereji ulibaki chini, kwenye udongo. Ni wa umwagiliaji shambani, au wa maji ya mvua pembeni mwa barabara. Kule juu ukutani kukawa kumebaki nafasi, na aliyeijaza ni bomba.

Jinsi lilivyoijaza ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii yote. Bomba lilianza kama pampu, yaani mwanzo wa safari ya maji, pale yanaposukumwa. Pampu haifanyi kazi bila mrija, na mtu asiyeiona pampu yenyewe, ambayo iko mtoni au kwenye jengo lenye uzio, anaona mrija tu unaopita kijijini kwake. Basi mrija ukaitwa bomba. Kisha mrija ukafika kwenye nguzo ya zege katikati ya kijiji, ukawekewa kichwa cha kufungua na kufunga, na kichwa hicho nacho kikaitwa bomba. Neno limetambaa ndani ya chuma kama maji yenyewe, likaanzia kwenye chanzo na kutokea mdomoni. Tanzania ilipoanzisha mwaka 1971 mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi ndani ya mita 400 kutoka anapoishi, neno lililokwenda vijijini na mpango huo lilikuwa hili. Bombani pakawa mahali. Watu wanakutana bombani, ugomvi unaanzia bombani, posa zinaanzia bombani.

Neno lilipohamia mdomoni, kiti chake cha zamani kikabaki wazi. Kile chombo kinachosukuma maji kilihitaji jina, maana huwezi kumwambia fundi "bomba limeungua" akajua unasema mota. Kiingereza kikaleta pampu. Hivyo Kiswahili kina ndugu wawili wa ukoo mmoja: mkubwa, bomba, aliyekuja na Mreno na kuhama kazi, na mdogo, pampu, aliyekuja na Mwingereza kushika kazi ile ile aliyoiacha kaka yake.

Hata hivyo bomba halikuisahau kabisa kazi ya kwanza. Ingia zahanati yoyote. Muuguzi anasema bomba la sindano. Kile kibomba cha plastiki chenye kizibo ndani, kinachovuta dawa kutoka kwenye chupa na kuisukuma mwilini, ni pampu halisi, na kinafanya kazi kwa kanuni ile ile ya mti uliotobolewa kwenye ngama ya merikebu. Nenda shambani wakati wa kupulizia. Mkulima anabeba mgongoni bomba la dawa, anapampu kwa mkono wa kushoto na kuelekeza dawa kwa mkono wa kulia. Hiyo nayo ni pampu. Kwenye vitu viwili hivi maana ya Mreno imehifadhiwa bila kuguswa, na wauguzi na wakulima wetu wanaitumia kila siku.

Upande wa pili wako watoto wa maana ya mrija. Bomba la moshi la meli na la gari. Bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, linalokwenda kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mtu wa Tanga anasikia neno hilo kwenye taarifa ya habari saa mbili usiku, kisha anaamka kwenda bafuni na kufungua bomba la inchi nusu. Ni neno lile lile, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu kitu kinachofuata baada ya "la" ndicho kinachoamua: la mafuta, la sindano, la moshi, la maji. Bafuni pia ukisema bomba la mvua, kila mtu anajua ni lile la juu linalonyunyiza, ambalo wengi siku hizi wanaliita shawa.

Swali ambalo nimeulizwa mara nyingi ni kama bomba na bomu ni neno moja. Kwa Mreno, ndiyo, sauti ni moja: anasema *bomba* kwa pampu na *bomba* kwa kitu kinacholipuka. Kile cha kulipuka kinatokana na Kilatini *bombus*, na nyuma yake Kigiriki *bombos*, lenye maana ya ngurumo au mvumo. Kiswahili kikafanya jambo la busara sana, kikayatenganisha. La maji likabaki na *a* mwishoni, la vita likapata *u*. Wote wawili wanaingia ngeli moja, mabomba na mabomu, na herufi hiyo moja ndiyo inayomlinda msomaji wa gazeti. Ukiandika kwamba bomba limepasuka mtaani, watu watachukua ndoo. Ukikosea herufi, watakimbia. Wahariri wanaosahihisha habari za maji wanapaswa kuliangalia neno hili mara mbili kabla halijatoka.

Halafu kuna bomba la vijana. "Mambo?" "Bomba!" Gari bomba, nyumba bomba, watu bomba. Hapa neno limeacha kuwa jina la kitu na kuwa sifa ya kitu kizuri, kinachopendeza. Sarufi yake ni ya kuvutia: halibadiliki kwa ngeli yoyote, kama zisivyobadilika safi, ghali na rahisi, sifa tulizozipokea kutoka nje. Husemi "magari mabomba" ukitaka kuyasifu. Ukisema hivyo umesema kitu kingine. Na kile kiunganishi kidogo kinafanya kazi kubwa: bafu bomba ni bafu zuri, hata kama unaoga kwa ndoo, na bafu la bomba ni lenye maji ya kufungulia, hata kama vigae vimebanduka. Wahispania nao wana usemi wa namna hii, *pasarlo bomba*, kwa maana ya kufurahi sana, na Wabrazili wanasema *bombar* kitu kinapovuma. Inaelekea sauti hii, popote inapotua, watu wanaisikia kama kitu kilichojaa na kinachofurika.

Nimalizie na koki, kwa sababu fundi wetu alikuwa na hoja. Kwake bomba ni kile kilicho ndani ya ukuta, na kile kilicho nje chenye mpini ni koki, neno lililotokana na Kiingereza *cock*, jogoo. Waingereza waliuona ule mdomo uliopinda na kile kipini juu yake wakaona kichwa cha jogoo na upanga wake. Wajerumani waliona vivyo hivyo: kwao ni *Wasserhahn*, jogoo wa maji. Wafaransa waliona mnyama mwingine. Neno lao *robinet* limetokana na Robin, jina la utani walilompa kondoo, kwa kuwa mabomba ya kale yalichongwa kwa umbo la kichwa cha kondoo na maji yalitokea mdomoni. Na kwa kuwa Kiswahili cha Kongo kiliishi jirani na Kifaransa, mtu wa Bukavu au Goma anasema maji ya robine. Kwa hiyo asubuhi moja fundi wa Morogoro anakaza jogoo wakati mama wa Goma anafungua kondoo, na wote wawili wanaosha vyombo.

Ukiyaweka maneno haya pamoja unaona tofauti ya macho. Wazungu walikitazama kifaa, wakaona mnyama, wakakipa jina la umbo lake. Waswahili, wa bara na wa pwani, walitazama maji yanakopita. Mfereji ni njia. Bomba, tulivyolifanya, ni njia. Hatukukipa jina kile kipande cha shaba chenye mpini, tulikipa jina la safari iliyo nyuma yake. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam akifungua na kukuta hakuna kitu, hasemi kwamba bomba limeharibika. Anasema maji yamekatika, maana anajua tatizo liko mbali, labda Ruvu, labda njiani.

Fundi wetu alibadilisha kiraba cha ndani, akazungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi, akakaza kwa spana. Bomba likatoa hewa kwanza, likakohoa maji ya kutu, kisha likatulia. Jirani alikuwa mlangoni akitazama. "Mfereji umepona," akasema, na mama akaitikia bila kusahihisha.

Kuna neno moja la karibuni ambalo halikutoka Ureno wala Uingereza. Kwenye shule nyingi za vijijini Tanzania, nje ya vyoo, utakuta dumu dogo la lita tatu au tano limening'inizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili. Limetobolewa tundu karibu na shingo. Kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga, na kipande cha sabuni kimefungwa kando. Mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika mikononi, anaachia, yanakata bila yeye kugusa kitu. Maofisa afya wanakiita kibuyu chirizi. Dumu ni la plastiki, lakini jina limerudi kwenye kibuyu cha bibi, na nusu yake ya pili ni mwendo wa maji tu, yakishuka kidogo kidogo kwenye vidole.